Usifute Akiba Yote kwa Sababu ya Ukurasa Mmoja

Ukurasa wa tovuti unapoonyesha habari ya jana wakati ya leo imeshatoka, ushauri unaotolewa karibu kila mahali ni ule ule: futa akiba ya kivinjari. Fundi wa simu atakuambia hivyo, kijana wa TEHAMA ofisini atakuambia hivyo, na mhudumu wa wateja naye hana jingine. Kwa kuwa mara nyingi tatizo huondoka, watu wamezoea kuamini kwamba akiba ndiyo yenye makosa. Mimi naona ushauri huo ni mbaya hata siku unapofanikiwa. Unamtoza mtumiaji, kwa bando lake na muda wake, gharama ya uzembe ambao kwa kawaida umefanyika upande wa mwenye tovuti. Unafagia mamia ya faili zisizo na kasoro kwa ajili ya moja iliyochelewa. Tena unamnyima mtu maarifa ya jambo dogo ambalo lingemtosha, yaani kukiagiza kivinjari kiiulize seva upya kuhusu ukurasa ule mmoja tu.

Tuanze na kazi yenyewe ya akiba. Ukurasa unaouona kwenye kioo cha simu hauji ukiwa kitu kimoja. Kuna maandishi, kuna nembo, kuna picha, kuna fonti, kuna faili zinazopanga rangi na nafasi, na kuna programu ndogo zinazofanya vitufe viitike. Mradi wa HTTP Archive, unaopima mamilioni ya tovuti duniani, ulikuta mwaka 2022 kwamba ukurasa wa kawaida unaofunguliwa kwa simu una uzito wa takriban megabaiti 2. Nembo na fonti za tovuti hazibadiliki kila siku, na nyingine hukaa miaka. Kivinjari kikishazipokea mara ya kwanza huzihifadhi ndani ya simu au kompyuta, na mara ya pili huzichukua humo humo bila kuzivuta tena mtandaoni. Hiyo ndiyo akiba, ambayo mafundi huiita kache. Wazo ni la zamani: mwaka 1994, CERN kule Geneva, mahali wavuti ilipozaliwa, tayari walikuwa na seva ya katikati iliyotunza nakala za kurasa ili watu wengi wa taasisi moja wasizivute kutoka mbali kila mmoja kivyake.

Nakala yoyote inaweza kupitwa na wakati, na waliojenga wavuti walilijua hilo mapema. Kanuni za HTTP, lugha ambayo vivinjari na seva huzungumza, zilipochapishwa kama toleo la 1.0 Mei 1996 zilikuwa na njia mbili za kulikabili. Ya kwanza ni tarehe ya mwisho: seva hutuma faili pamoja na maelezo kwamba nakala hii ni halali hadi muda fulani, na kabla ya muda huo kivinjari hakina haja ya kuuliza lolote. Ya pili ni swali lenye sharti: kivinjari huiambia seva kwamba kina nakala ya tarehe fulani, kisha huomba kipewe nyingine ikiwa tu faili imebadilishwa baada ya hapo. Ikiwa haijabadilika, seva hujibu kwa namba 304, ujumbe mfupi usiobeba faili, na nakala iliyopo hutumika. Toleo la 1.1, lililotoka Januari 1997, liliongeza agizo la Cache-Control ambalo humwezesha mwenye tovuti kutaja umri wa nakala kwa sekunde, pamoja na alama ya pekee ya kila toleo la faili, iitwayo ETag, ili kulinganisha kusitegemee saa peke yake.

Kwa hiyo kivinjari kinachoonyesha ukurasa wa zamani mara nyingi kinatii kilichoambiwa. Kinaanza kukisia pale tu kisipoambiwa kitu, na hapa ndipo naona chanzo cha manung'uniko mengi. Seva isipotaja muda wowote, kanuni zinaruhusu kivinjari kijipangie, na kipimo kilichozoeleka ni sehemu ya kumi ya muda uliopita tangu faili ibadilishwe. Ukurasa ambao haujaguswa kwa siku 100 unaweza kuhesabiwa kuwa bado mpya kwa siku 10 zijazo. Fikiria ofisi ambayo ukurasa wake wa ada umelala tangu Machi bila maelekezo yoyote. Julai mhasibu anabadilisha kiwango. Aliyeufungua jana yake anaweza kuendelea kuona kiwango cha zamani kwa siku kadhaa, na mwenzake ambaye hajawahi kuufungua anaona kipya. Wakibishana, kila mmoja anamwonyesha mwenzake simu, na wote wawili wanasema kweli. Hapo akiba imefanya kazi yake kama ilivyopangwa. Aliyeshindwa kusema neno moja ni mwenye tovuti.

Kwa msomaji wa Afrika Mashariki suala hili lina hesabu ya shilingi ndani yake, kwa sababu wengi wetu tunanunua intaneti kwa megabaiti. Tuchukulie tovuti ya habari yenye ukurasa wa megabaiti 2, ambapo megabaiti 1.5 ni vitu visivyobadilika. Anayeifungua mara tano kwa siku bila akiba atavuta vitu hivyo hivyo kiasi cha megabaiti 225 kwa mwezi wa siku 30, kwa tovuti hiyo moja tu, bila kusoma neno moja jipya kwa gharama hiyo. Ongeza umbali. Kutoka Dar es Salaam hadi London ni zaidi ya kilomita 7,000 hata kwa mstari ulionyooka, na mwanga ndani ya uzi wa kioo husafiri takriban kilomita 200,000 kwa sekunde, kwa hiyo swali na jibu haviwezi kwenda na kurudi chini ya sehemu 70 za elfu za sekunde. Kwa kweli nyaya hupinda na vituo huchelewesha, na ukurasa mmoja huuliza maswali mengi. Tarehe 12 Mei 2024 nyaya za EASSy na Seacom zilipopata hitilafu chini ya bahari, intaneti ya Tanzania, Kenya na majirani ilidorora. Siku kama ile, faili iliyokwisha kuhifadhiwa ndani ya simu haihitaji kuvuka bahari.

Zamani vivinjari vilimpa mtumiaji mamlaka ya wazi juu ya jambo hili. Netscape ilikuwa na mahali pa kuchagua kama nakala ilinganishwe na ya mtandaoni kila mara, mara moja kwa kila unapowasha programu, au kamwe. Internet Explorer nayo ilikuwa na orodha kama hiyo, ikiongezewa chaguo la kuiachia programu ijiamulie. Mafundi wa wakati huo walipenda sana kuhamisha alama hadi kwenye "kila mara". Leo Chrome, Edge na Safari hazina orodha hiyo kabisa. Firefox imeibakiza kwenye ukurasa wake wa mipangilio ya ndani, about:config, kwa jina browser.cache.check_doc_frequency: thamani ya kawaida ni 3, yaani kivinjari kiangalie inapofaa, na ukiweka 1 kitauliza kila mara. Wapo wanaosikitika kwamba uhuru huo umeondolewa. Mimi naona kuuondoa kulikuwa sahihi, kwa sababu chaguo lile lilikuwa moja kwa wavuti nzima. Lilikulazimisha kuziuliza tovuti zote maswali yasiyo na maana ili kuikomoa moja iliyokosea, na mtu akishaliweka hulisahau, akabaki miaka na kivinjari kizito asijue kwa nini.

Kilichobaki mikononi mwa mtumiaji ni kupakia upya, na kwa maoni yangu kinatosha, mradi ajue kwamba kuna kupakia upya kwa aina mbili. Mshale wa mviringo ulio karibu na anwani hufanya kazi nyepesi. Januari 2017 Google ilieleza kwamba Chrome imeacha kuhakiki kila kipande cha ukurasa mshale huo unapobofywa. Sasa huhakiki ukurasa wenyewe, na vipande vingine huachwa vifuate muda wao wa kawaida. Kampuni hiyo ilisema maswali ya uhakiki yalipungua kwa asilimia 60 na upakiaji ukawa wa haraka zaidi kwa asilimia 28. Faida ni kubwa, lakini ina upande wake: maandishi yanaweza kuja mapya huku ratiba iliyobandikwa ndani ya ukurasa kama picha ikabaki ile ya zamani. Aina ya pili ni ya kupita akiba moja kwa moja. Kwenye Windows ni Ctrl na Shift pamoja na R, au Ctrl na F5. Kwenye kompyuta za Apple ni Command na Shift pamoja na R kwa Chrome na Firefox, na Option na Command pamoja na R kwa Safari. Hapo kivinjari huvuta vipande vya ukurasa huo upya, na akiba ya tovuti nyingine zote hubaki salama.

Kwenye simu, ambako wengi wetu ndiko tunakoishi na intaneti, hakuna vitufe hivyo, na hapa nakubali kwamba waundaji wa vivinjari wametupunja. Kuuvuta ukurasa chini kwa kidole ni sawa na ule mshale mwepesi. Njia ya uhakika zaidi ni kufungua anwani hiyo hiyo kwenye kichupo cha faragha, ambacho hakitumii akiba ya kawaida. Ukiona habari mpya humo, umeshajua kwamba tatizo liko kwenye nakala iliyomo kwenye simu yako. Njia nyingine ni kuongeza alama ya kuuliza na tarakimu yoyote mwishoni mwa anwani, kwa mfano ?1, kwa kuwa kwa kivinjari anwani tofauti ni ukurasa tofauti hata kama seva italeta ule ule. Wanaojenga tovuti wana cha ziada: kwenye kompyuta, F12 hufungua zana za wajenzi, na kwenye sehemu ya mtandao kuna kisanduku cha kuzima akiba, kinachofanya kazi muda wote zana hizo zikiwa wazi na kukoma zikifungwa. Ningependa kila anayehariri tovuti ya taasisi akijue kisanduku hicho kabla hajamwambia mwananchi afute chochote.

Sababu ya kusisitiza upande wa taasisi inaonekana vizuri kwenye tovuti yoyote inayotoa matokeo ya mitihani. Siku Baraza la Mitihani linapotangaza matokeo ya Kidato cha Nne, wazazi na watahiniwa wanafungua kurasa kwa wakati mmoja kuanzia Kigoma hadi Pemba, na kila mmoja anarudia kubofya. Katika tovuti ya namna hiyo kuna vitu vya umri tofauti kabisa. Ukurasa wa mwanzo, wenye tangazo la kama matokeo yametoka au la, hubadilika kwa dakika moja, basi unapaswa kutumwa na agizo la no-cache, ambalo huruhusu nakala kutunzwa lakini hulazimisha swali kabla ya kuitumia. Ukurasa wa shule moja, ukishatoka, haubadiliki ila kwa masahihisho. Dakika chache za uhalali zinautosha. Nembo, fonti na faili za mpangilio zinaweza kukaa mwaka mzima, sekunde 31,536,000, kwa sharti moja: zikibadilishwa zipewe jina jipya, kwa mfano lenye namba ya toleo, ili ukurasa uzitaje kwa jina hilo. Mbinu hiyo ya jina jipya imezoeleka mno kwa wajenzi wa tovuti hivi kwamba Septemba 2017 kanuni ziliongezewa agizo la immutable, linalokihakikishia kivinjari kwamba faili ya jina hili haitabadilika muda wote wa uhalali wake.

Sasa mwambie kila mtu nchini afute akiba siku hiyo hiyo. Simu zote zitaomba tena nembo, fonti na picha ambazo tayari zilikuwa nazo, kwenye seva ile ile inayohangaika kutoa matokeo. Foleni inaongezeka kwa vitu ambavyo hakuna aliyevihitaji, na anayetafuta jina la mwanawe anasubiri zaidi. Ushauri unaotolewa kwa nia njema unazidisha ugumu ule ule uliokusudiwa kuondolewa.

Wapo watakaosema: lakini nilifuta, na ukurasa ukaja mpya, utanieleza nini? Sikatai kwamba ulikuja. Kufuta akiba kunafanikiwa kwa sababu ndani yake mna lile jambo dogo, la kukilazimisha kivinjari kiende kwenye seva. Ni kama kumwaga mtungi mzima kwa sababu ya kijiti kimoja kilichoelea juu. Kijiti kimetoka kweli, na sasa nenda kisimani. Tena mara nyingi kinachomwagwa si akiba peke yake. Kwenye mipangilio ya Android, kitufe cha kufuta akiba kinakaa jirani na kile cha kufuta data, na anayekosea kati ya hivyo viwili hupoteza kuingia kwake kwenye akaunti na mipangilio yake ya kivinjari. Hata ndani ya Chrome, historia, vidakuzi na akiba huorodheshwa pamoja kwenye ukurasa mmoja wa kufuta, na mtu aliyeambiwa "futa tu" hafikirii kuondoa alama kwenye visanduku visivyohusika. Kisha huja kuhangaika na nenosiri alilolisahau tangu mwaka juzi.

Halafu kuna siku ambazo kufuta hakusaidii kabisa, na hizo ndizo zinazoonyesha udhaifu wa ushauri huu. Nakala za kurasa hazikai kwenye simu yako tu. Kampuni nyingi hutumia mitandao ya usambazaji yenye seva katika miji mbalimbali, na kila seva ina akiba yake ambayo huwezi kuigusa. Baadhi ya tovuti huweka ndani ya kivinjari programu ndogo ya nyuma, inayotunza kurasa kwenye hifadhi yake yenyewe, na hifadhi hiyo haiondoki kwa kufuta picha na faili za akiba peke yake, kwa sababu imo kwenye data ya tovuti. Kitufe cha kurudi nyuma nacho huonyesha ukurasa jinsi ulivyouacha, na kanuni zinaruhusu hivyo kwa makusudi. Aliyejifunza kuuliza swali dogo, kwa kichupo cha faragha au kwa mtandao mwingine, atajua haraka ni wapi nakala imekwama. Aliyejifunza kufuta atafuta mara ya pili na ya tatu.

Pingamizi lenye uzito zaidi ni hili: kuna habari ambazo kuzichelewesha ni hatari, basi heri kulipa bando kuliko kudanganywa. Nakubaliana na nusu ya kwanza kwa moyo wote. Mwanzoni mwa Mei 2024, Kimbunga Hidaya kilipokuwa kinaikaribia pwani ya Tanzania na Mamlaka ya Hali ya Hewa ikitoa taarifa baada ya taarifa, tahadhari ya saa kumi na mbili zilizopita haikuwa na thamani sawa na ya saa ile. Viwango vya kubadilisha fedha, bei, ratiba za vivuko, orodha za wito wa usaili, vyote hivi humwumiza mtu anaposoma vya zamani akidhani ni vya leo. Lakini nusu ya pili ya hoja inambebesha mzigo mtu asiyestahili. Mvuvi wa Mafia hawezi kutakiwa ajue mipangilio ya kivinjari kabla ya kujua upepo. Mwenye ukurasa wa tahadhari anaweza kuandika agizo moja kwenye seva, na gharama kwa msomaji ni swali na jibu fupi la 304 pale ambapo hakuna kilichobadilika. Anaweza pia kuandika juu kabisa ya ukurasa tarehe na saa ya taarifa. Hilo halihitaji ufundi wowote, na nashangaa ni tovuti ngapi hulikosa. Msomaji anayeona saa iliyoandikwa anajua mwenyewe kama nakala yake imezeeka.

Kuna mahali ambapo kufuta ni jambo la lazima, na sipendi hoja yangu ichukuliwe kuupinga uangalifu huo. Anayetumia kompyuta ya intaneti kafe, ya maktaba au ya mwenzake kazini anaacha nyuma yake picha na kurasa zinazoweza kufunguliwa na ajaye baadaye. Atumie dirisha la faragha, au afute akimaliza. Taasisi kama benki zina agizo lao kwa ajili hiyo, no-store, linalokikataza kivinjari kuhifadhi chochote cha ukurasa husika. Hapo sababu ni usiri, na dawa inalingana na ugonjwa.

Linabaki swali la mwananchi asiye na uwezo wa kuilazimisha ofisi irekebishe seva yake. Uwezo alionao ni wa kueleza tatizo kwa namna isiyoweza kurudishwa kwake. Malalamiko ya kwamba "tovuti yenu haifunguki vizuri" hujibiwa kwa urahisi na maneno yale yale ya kufuta akiba. Lakini akiandika anwani kamili ya ukurasa, saa aliyoufungua, alichokiona kwenye kichupo cha kawaida na alichokiona kwenye cha faragha, fundi wa upande wa pili anakuwa na ushahidi mkononi. Vikitofautiana, nakala iliyomo kwenye simu ndiyo iliyozeeka, na yaelekea seva haikutaja umri wake au imetaja mrefu mno. Vikilingana na vyote vikawa vya zamani, basi nakala imekwama mbele ya simu, au ukurasa wenyewe haujahaririwa, na hakuna kitufe chochote kwenye simu ya mwananchi kitakachouleta mpya.